Jinsi ya Kutunga Hadithi Ukiwa Bado Unashika Chaki Lubumbashi

Mwalimu wa sekondari mwenye madarasa 2 ya wanafunzi 60 kila moja, akitoa zoezi moja tu la insha, anarudi nyumbani na kopi 120 mkobani. Hata akijibana kutumia dakika 4 kwa kila kopi, saa 8 za wiki yake zimekwisha kabla hajaandika neno lake mwenyewe. Naanza na hesabu hiyo kwa sababu ushauri wa uandishi usioanzia hapo haumfai mwalimu wa Katuba, wa Kenya wala wa Ruashi, komini (yaani wilaya za mji) za hapa Lubumbashi, nchini Kongo. Maelezo haya ni ya mtu anayefundisha mchana na anayetaka kutunga hadithi fupi au riwaya bila kuacha kazi, maana mshahara, hata unapochelewa, ndio unaonunua unga wa bukari, makaa na biki. Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Nina hadithi chache zilizochapishwa na nyingi zaidi zilizokataliwa, kwa hiyo nazungumza kama mwenzako aliyetangulia hatua mbili tatu njiani.

Hesabu mistari, usihesabu saa

Wengi hushauri mwandishi atenge saa moja kila siku. Katika nyumba nyingi za hapa mjini saa hiyo haina mwenyewe: maji yanatoka usiku na lazima yakingwe, mgeni kutoka Likasi amefika bila taarifa, jirani amefiwa na kilio kimeanza. Ukijiwekea saa na ukaikosa siku tatu mfululizo, unajiona mvivu na unaacha kabisa. Ukijiwekea mistari, unaweza kuiandika mitano kabla ya kengele, mitano wakati wa mapumziko na mitano usiku, na siku ikahesabika kuwa imetimia.

Mimi nimejiwekea mistari 15 ya mkono katika daftari la kawaida la shule. Mwaka wa masomo ukiwa na wiki 36 za kazi, siku 5 kwa wiki, hiyo ni mistari 2,700, na daftari lenye mistari 25 kwa ukurasa litakuwa limejaa kurasa 108 ifikapo likizo kubwa. Nusu yake itakuwa mibovu. Nusu inayobaki ni hadithi fupi nne au tano, au mwanzo wa riwaya, na hakuna mwalimu ninayemjua aliyepata zaidi ya hapo kwa kusubiri nafasi.

Sharti ni moja tu, nalo sikubali lilegezwe: mistari itangulie kopi. Kusahihisha kunachosha sikio kuliko kunavyochosha macho, na mtu aliyemaliza kopi 120 hana tena sentensi yake kichwani, ana zile za wanafunzi pamoja na makosa yao yote. Nimewahi kugundua, baada ya usiku wa namna hiyo, kwamba mhusika wangu mwenye umri wa miaka 70 alikuwa akizungumza kama mtoto wa darasa la pili la sekondari anayeogopa kupata sifuri.

Mahali pazuri kuliko vyote, kwa uzoefu wangu, ni chumba cha walimu dakika 20 kabla ya kengele ya saa moja na nusu asubuhi. Wenzako watadhani unajaza fishi ya maandalizi ya somo. Waache wadhani hivyo. Kipindi kingine hutolewa na mvua. Kuanzia Novemba, mvua kubwa inapopiga mabati ya paa, hakuna sauti ya mwalimu inayofika benchi la tatu, na jambo pekee linalowezekana ni kuandika muhtasari ubaoni ili wanafunzi wanakili. Robo saa hiyo, huku ukipita kati ya madawati, inatosha kuikamilisha kichwani sentensi iliyokusumbua tangu alfajiri.

Mwaka mzima nao una majira yake. Septemba, mijakaranda inapoanza kuchanua na majina mapya yanapoingia katika daftari la mahudhurio, ni wakati wa kuanza kitu kipya. Majira ya mitihani yasikupe hatia: andika mstari mmoja kwa siku ili daftari lisipoe, basi. Baridi kavu ya Juni na Julai, shule zinapofungwa, ni ya kusahihisha yaliyoandikwa, maana kusahihisha kunataka siku ndefu zinazofuatana, na ni nadra mwalimu kuzipata nje ya likizo.

Kuhusu chombo, anza na karatasi ndipo uhamie kwenye simu. Umeme wa mgawo hauzimi daftari. Mimi nilijifunza hilo kwa hasara: sura mbili nilizoziandika moja kwa moja kwenye simu ziliondoka pamoja na simu yenyewe ndani ya teksi-basi, kati ya soko la Kenya na katikati ya mji, na hadi leo siamini kwamba nilizokumbuka baadaye zilifikia zile za kwanza. Tangu hapo, kila Jumamosi napiga picha kurasa za wiki na kumtumia dada yangu. Anazo picha mamia, na sijawahi kusikia kwamba amesoma hata moja, lakini kazi yake si kusoma, ni kutunza.

Daftari la pili, na siri za watoto

Mbali na daftari la hadithi, weka kijitabu kidogo cha mfukoni kwa ajili ya yale unayoyaona. Mwalimu ana bahati ambayo waandishi wengine wangeilipia: kila siku watu 60 wanakaa mbele yake kwa saa nzima, kila mmoja ametoka katika nyumba tofauti na ameamka na shida tofauti. Kosa la anayeanza ni kuandika shida zenyewe, kwa majina yake makubwa: umaskini, mimba za utotoni, rushwa. Majina hayo hayana uso.

Chukua siku ya kuwarudisha nyumbani wanafunzi ambao hawajalipa. Shule za msingi za serikali zilitangazwa kuwa za bure mwaka 2019, lakini sekondari wazazi bado wanalipa, na kila mwalimu wa hapa ameiona siku hiyo. Mtunza fedha anaingia na karatasi, anasoma majina. Mimi niliandika katika kijitabu changu jambo moja tu: msichana wa benchi la nne alianza kuingiza madaftari mkobani polepole, moja baada ya jingine, wakati mtunza fedha alikuwa bado kwenye herufi ya K, naye jina lake linaanza na M. Alipoitwa alikuwa amekwisha kufunga mkoba na amesimama. Mikono iliyotangulia jina inabeba hadithi nzima, na ungekuwa umeikosa kama ungeandika kwamba msichana huyo alikuwa maskini.

Hapa pana jambo zito. Mwanafunzi na mama yake hawakukupa ruhusa ya kuwatia kitabuni, na wewe una mamlaka juu yao ambayo mwandishi wa kawaida hana. Desturi yangu ni kutomwandika kabisa mwanafunzi ninayemfundisha mwaka huo. Mwaka ukipita, nabadilisha umri, komini na kazi ya mzazi, kisha najiuliza kama mama yule, akisomewa ukurasa huo sokoni na jirani, angeweka mkono kifuani na kusema huyu ni wangu. Kama angesema hivyo, ukurasa unarudi kijitabuni. Na sentensi nzuri uliyoikuta katika kopi ya mtoto ni mali ya mtoto. Usiichukue bila kumwomba, hata kama yeye mwenyewe hakujua kwamba ni nzuri. (Msichana wa benchi la nne, kwa kuwa utajiuliza, hakuwa wa benchi la nne.)

Ugonjwa wa mwalimu

Mwalimu anapotunga huwa na ugonjwa mmoja unaotokana na ubora wake wa kazi: anaeleza. Darasani kueleza ni wajibu. Katika hadithi kunamnyima msomaji raha ya kugundua mwenyewe. Tazama sentensi hii, iliyotoka katika mswada wangu wa kwanza:

«Mzee Kabamba alikuwa mtu mwenye huzuni kwa sababu alikuwa amepoteza kazi yake ya mgodini, jambo ambalo liliwapata wafanyakazi wengi wakati ule, na kwa hiyo hakupenda tena kukutana na majirani zake.»

Sarufi yake haina kasoro, na ningempa mwanafunzi aliyeiandika alama zote. Tatizo ni kwamba inajibu swali ambalo msomaji hajauliza, na baada ya kujibiwa hana sababu ya kufungua ukurasa unaofuata. Zaidi ya hayo, inamweleza mtu wa Lubumbashi jambo analolijua kuliko mwandishi. Hapa watu wanakumbuka bila kuambiwa kwamba kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, waliondoka kazini katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Nilipoiandika upya, miezi kadhaa baadaye, ilikuwa hivi:

«Kila asubuhi, saa kumi na mbili, Mzee Kabamba alivaa viatu vyake vya kazi, akavifunga kamba hadi juu, akaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki nyuma ya nyumba, upande usioonekana kutoka barabarani. Saa kumi jioni alivivua na kuvipangusa vumbi ambalo havikuwa nalo.»

Neno huzuni limeondoka, mgodi umeondoka, majirani wameondoka, na wote watatu wamo. Msomaji wa hapa ataona kambi za wafanyakazi na bomba refu la moshi. Msomaji wa Mombasa, ambaye hajui lolote juu ya Gécamines, atamwona mzee anayejificha ndani ya uwanja wake mwenyewe, na hilo linamtosha kuendelea.

Tiba ninayoitumia ni ya kishule kabisa. Chukua biki nyekundu, upitie mswada wako kama kopi ya mtu mwingine, na upige mstari chini ya kila «kwa sababu», «kwa hiyo», «ndiyo maana» na «jambo ambalo». Katika hadithi yangu ya kwanza, yenye kurasa 9, nilipata 31. Kwa kila mstari mwekundu jiulize: mhusika anaweza kufanya nini kwa mikono yake ili neno hili lisihitajike? Ukipata jibu, futa ueleze kitendo. Usipolipata, liache neno lilivyo, maana hadithi isiyo na «kwa sababu» hata moja nayo inachosha, inakuwa kama picha zilizotawanyika mezani. Mimi nilibakiza 6.

Dalili ya pili iko mwishoni. Mwalimu hafungi somo bila kuuliza tumejifunza nini leo, na tabia hiyo inahamia katika aya ya mwisho ya hadithi, ambapo kijana aliyetoroka nyumbani ghafla anatambua umuhimu wa wazazi. Jaribu kuifunika aya hiyo kwa kiganja na kusoma inayoitangulia. Mara nyingi utakuta kwamba hadithi ilikuwa imekwisha hapo, na kwamba uliendelea kuandika kwa sababu kengele ilikuwa haijalia.

Lakini kazi hiyohiyo imekupa kipaji kimoja ambacho waandishi wa mezani hawana. Wewe unajua kwa ngozi yako ni lini darasa limekuponyoka. Unasikia mnong'ono wa benchi la nyuma kabla haujaanza. Soma mswada wako kwa sauti ukiwa umesimama, kama unavyosimama darasani, na uweke alama ya penseli kila mahali ambapo, kama ungekuwa mbele ya wanafunzi, ungehisi haja ya kugonga meza. Kata hapo.

Kiswahili kipi?

Swali hili huwakimbiza wengi wetu kwenye Kifaransa, na sina neno baya juu ya Kifaransa, maana ndicho kinachonilisha. V. Y. Mudimbe, aliyezaliwa Likasi mwaka 1941, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu hapa Lubumbashi na riwaya zake aliziandika kwa Kifaransa. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa hapa mwaka 1981, naye anaandika kwa Kifaransa na amefundisha fasihi huko Graz, nchini Austria. Njia hiyo ipo na ni ya halali. Ninachopinga ni sababu inayotolewa mara nyingi kwamba Kiswahili chetu hakiandikiki, kwamba kinachofaa kitabuni ni Kiswahili bora cha Tanzania peke yake, nacho tukijue au tunyamaze.

Historia ya mji huu inasema vingine. Mwaka 1965, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville, jina lililobadilishwa mwaka uliofuata, André Yav aliandika historia ya mji huo kwa ajili ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, akitumia Kiswahili cha hapa kama kilivyokuwa mdomoni mwao. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha kwa wasomaji wa nje mwaka 1990. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, katika miaka ya 1973 na 1974, aliisimulia historia ya nchi nzima kwa Kiswahili hichohicho, picha baada ya picha. Kundi la maigizo la Mufwankolo lilikileta redioni na kwenye televisheni, na watu wakacheka na kujitambua. Kwa hiyo unapoandika mazungumzo kwa lugha ya komini ya Kamalondo unafuata njia ambayo waliokutangulia walikwisha kuilima.

Utaratibu ninaoupendekeza ni msimulizi atumie Kiswahili sanifu, na wahusika waongee kama wanavyoongea. Mtoto aliyechelewa shuleni akisema, «Mwalimu, watu wote wamekwenda msibani, nimebaki peke yangu,» amegeuka kuwa msomaji wa taarifa ya habari. Akisema, «Mwalimu, batu yote balikwenda ku kilio, miye peke njo nilibakia,» unamwona amesimama mlangoni na kaptula yake, na mgeni wa Tanga anaweza kumfuata bila shida kubwa. Usiweke orodha ya maana za maneno mwishoni mwa hadithi. Mwandike mhusika akimega bukari, akiifinyanga kwa vidole na kuichovya kwenye sombe, na hakuna msomaji wa Kiswahili atakayeuliza bukari ni nini.

Mambo mawili huharibu utaratibu huu. La kwanza ni tahajia inayoyumba, leo «ku masomo», kesho «kumasomo», keshokutwa «ku massomo». Katika ukurasa wa mwisho wa daftari lako andika orodha ya maneno ya mtaani unayoyatumia na namna uliyoamua kuyaandika, ukaifuata kama unavyowadai wanafunzi kufuata kanuni. La pili ni baya zaidi: kumpa Kiswahili cha mtaani mlevi, mpishi na mjinga, na kumpa daktari Kiswahili sanifu. Perefe, yaani mkuu wa shule ya sekondari, anazungumza Kifaransa cha ofisini mbele ya wazazi, na simu ya mkewe inapoita anageukia dirishani na kusema kama sisi wote. Mgeuko huo wa lugha, wa sekunde tatu, unaeleza mtu kuliko ukurasa mzima wa sifa zake.

Msimulizi wako naye asifanyiwe mzaha. Wahariri wa Dar es Salaam na Nairobi watavumilia sana mazungumzo ya hapa ikiwa sentensi za msimulizi ni safi, na hawatavumilia chochote ikiwa yeye naye anasema «kitabu yangu». Udhaifu wetu mkubwa uko katika upatanisho wa ngeli, kwa kuwa mtaani tumeziunganisha nyingi. Pitia mswada mara moja kwa kazi hiyo tu, kamusi ikiwa karibu, bila kugusa jambo lingine.

Zoezi la sentensi moja

Mara moja kwa mwezi, waombe wanafunzi waandike sentensi moja tu inayoanza na «Mlangoni palikuwa na», bila kivumishi, wala usizitie alama. Sentensi 60 zinasomwa kwa sauti chini ya nusu saa. Wao wanajifunza kuona, na wewe unasikia milango 60 ya mji huu. Usiwasomee miswada yako mwenyewe: mwanafunzi anayengoja alama hawezi kukwambia kwamba amechoka.

Wasomaji wa kwanza

Kwa kazi hiyo ya kukwambia, tafuta watu watatu. Mmoja awe mwalimu mwenzako, mmoja awe mtu asiyehusika na shule kabisa, na mmoja awe ameishi au kusoma Afrika Mashariki na ana sikio la Kiswahili sanifu. Wangu wa pili ni mama anayeuza samaki wa barafu. Namtumia hadithi kwa ujumbe wa sauti wakati wa jioni, naye ananijibu kwa sauti, na majibu yake huwa ama kimya cha siku tatu ama swali moja kali. Usiwaulize kama hadithi ni nzuri, maana watakuheshimu na kusema ndiyo. Waulize walichoka wapi, na ni mhusika gani waliyemsahau jina. Ukitaka kusikiliza wasanii wengine wakionyesha kazi yao, fuatilia matangazo ya Institut français pale Halle de l'Étoile, na ya Picha, kituo kinachoandaa maonyesho ya biennale (ya kila miaka miwili) ya Lubumbashi tangu mwaka 2008. Kiingilio chenyewe si kikwazo. Usafiri wa usiku kurudi Ruashi ndio wa kuufikiria mapema.

Kutuma, na fedha

Usitume hadithi ambayo haijalala wiki sita. Baada ya hapo isome, isahihishe, uipige chapa na uipeleke.

Kwa Kiswahili, mlango unaojulikana zaidi ni Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell ya Fasihi ya Afrika, iliyoanzishwa mwaka 2014 na ambayo baadaye ilikuja kuitwa Safal-Cornell, inayopokea miswada ya hadithi na ya ushairi. Soma masharti ya mwaka husika kabla ya kutuma, kwa maana urefu unaotakiwa na tarehe ya mwisho ndivyo vinavyowatoa wengi kabla hata ya kusomwa. Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na wapo walioahidi kwamba vitabu vitaanza kupita mpakani kwa urahisi. Malori yanayobeba shaba kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, yanafika Dar es Salaam, lakini mimi bado sijaona yakirudi na riwaya. Kwa hiyo tuma kwa barua pepe, na usingoje kitabu cha karatasi ili uhesabike kuwa mwandishi.

Kuna mtego mmoja unaowanasa walimu hasa, pengine kwa sababu tunapenda kuona jina letu kwenye jalada. Nyumba moja ya uchapishaji ya ng'ambo ilinijibu ndani ya siku nne, ikausifu mswada wangu kwa maneno ambayo yangefaa mswada wowote, kisha ikanitaka ninunue nakala 100 za kitabu changu kabla hakijachapwa. Nilipiga hesabu ya mshahara wangu, na hesabu iliniokoa. Kujilipia uchapishaji si aibu, ikiwa unajua kwamba unanunua huduma ya mchapaji na kwamba utauza vitabu mwenyewe. Aibu ni ya anayekuuzia huduma hiyo akiiita kuteuliwa. Pima mkataba kwa maswali matatu: nani analipa, haki unazozitoa ni za lugha zipi na kwa miaka mingapi, na zinarudi kwako vipi kitabu kikiisha sokoni. Hapa nchini haki za mwandishi zinalindwa na sheria ya tarehe 5 Aprili 1986, nayo inazilinda tangu kazi inapotungwa. Asikutoze mtu pesa akidai kwamba anakupatia haki ambayo tayari ni yako.

Ama shuleni, mwarifu perefe kabla hadithi yako ya kwanza haijatoka, hata kwa dakika mbili mlangoni mwa ofisi yake. Atakayoyasikia kwa mdomo wako hayatamfikia yamekuzwa na wengine, na ikiwa ndani ya hadithi yumo perefe, mwambie mapema kwamba huyo ana kipara. Wangu alijishika nywele akacheka, akauliza kama yupo pia mtunza fedha.

Mwisho, pigia mstari ukurasa mmoja wa daftari, ugawe katika safu tano: jina la hadithi, ilikotumwa, tarehe, jibu, na inakokwenda baada ya hapo. Jaza safu ya tano siku ileile unapotuma, kabla hujajua jibu, ili barua ya kukataliwa ikifika Jumanne katikati ya masahihisho usihitaji kuwaza lolote: unaisoma, unaandika tarehe katika safu ya nne, na jioni unaituma hadithi mahali ambapo safu ya tano imekwisha kupataja. Katika ukurasa wangu hadithi ya Mzee Kabamba ina mistari minne, na katika mmoja kati ya hiyo safu ya nne bado iko wazi.